Uzee Usisingiziwe: Kuutambua Ugonjwa wa Jogoo Mzee

Jogoo akishapita miaka mitatu, kila linalompata huitwa uzee. Akichelewa kushuka kichanjani, uzee. Akiwika mara mbili akanyamaza, uzee. Upanga ukififia, miguu ikiota magamba, kidari kikichongoka, yote hubebeshwa umri na mwenye kuku akaendelea na shughuli zake. Bwana mifugo akipita kuchanja anaambiwa: "Huyo mwache, daktari, kashazeeka." Wiki chache baadaye jogoo anapitiwa kisu, au anakutwa asubuhi chini ya kichanja amekauka, na hakuna anayeuliza kilichomuua.

Naandika kupinga mazoea hayo. Umri humpunguzia jogoo kasi, nguvu za mbegu na uwezo wa kuhimili joto, lakini humpunguzia taratibu, msimu kwa msimu. Haumkondeshi ndani ya wiki mbili. Haumtoi makamasi, haumharishi kijani, haumfanyi apumue kwa mdomo wazi alfajiri wakati kuna baridi. Mabadiliko ya namna hiyo yana sababu, na sababu zenyewe zina majina: minyoo, papasi, figo zilizochoka, nyayo zilizotunga usaha, mafua sugu, kipindupindu cha kuku, moyo unaoshindwa kusukuma damu. Nyingi zinatambulika mapema na mtu asiye na maabara, mradi awe alimzoea jogoo wake alipokuwa mzima.

Tuanze na umri wenyewe. Kuku akitunzwa huishi miaka 5 hadi 8, na wapo wanaopita 10. Vijijini kwetu wachache hufika huko, kwa sababu ya mwewe, vicheche, kideri na kuchinjwa wageni wanapofika. Nguvu ya kurutubisha mayai huanza kushuka baada ya mwaka wa pili au wa tatu, na hapo ndipo watu huanza kumwita mzee. Kwa hiyo jogoo wa miaka minne amechoka kwa kazi ya kupanda mitetea, lakini mwili wake bado una miaka mbele yake. Tena wanaobakizwa hadi umri huo huwa wamebakizwa kwa sababu: jogoo mrefu wa aina ya Kuchi wa Shinyanga, Tabora au Lamu ambaye mbegu yake inatafutwa na majirani, jogoo mpole asiyerukia watoto, yule anayepiga ukelele mitetea wakimbilie chini ya mti kila kivuli cha mwewe kinapopita. Kumpoteza ndege wa namna hiyo kwa ugonjwa uliokuwa unatibika ni hasara ya kweli kwa nyumba.

Ugumu wa kwanza ni kwamba kuku huficha maradhi. Ndege anayewindwa na wengi hawezi kujionyesha mnyonge, na jogoo ana sababu ya pili: akionekana dhaifu, majogoo vijana watampinga siku hiyo hiyo. Hivyo jogoo mgonjwa atasimama wima mbele yako na ataparua ardhi. Ataendelea hata na ile desturi yake ya kuokota punje, kuiangusha na kuwaita mitetea waile. Anayetazama kwa mbali hudhani jogoo anakula, kumbe hajameza kitu tangu kulipokucha. Ukifika kumwona amejikunyata, mabawa yameshuka na macho yanafumba mchana kweupe, ujue ugonjwa una siku kadhaa mwilini, pengine wiki. Dalili za mwanzo hutafutwa kwingine: katika ratiba yake, katika upanga wake, na kwa mkono usiku akiwa kichanjani.

Kuwika kuna utaratibu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2013 Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kwamba jogoo huwika alfajiri kwa kuongozwa na saa iliyomo mwilini mwake, hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku. Mwaka 2015 wakaongeza jambo lenye manufaa makubwa kwa mfugaji: majogoo wanaoishi pamoja huwika kwa zamu ya cheo. Mkubwa huanza, wa pili hufuata, wa chini humalizia. Mkubwa akiondolewa, wa pili hushika nafasi ya kwanza. Mwenye majogoo wawili au watatu anaweza kuitumia habari hiyo akiwa bado kitandani. Sauti ya kwanza ya alfajiri ikibadilika, kijana akaanza na mzee akafuata au akanyamaza, kuna jambo limetokea, hata kama mchana mzee anatembea vizuri. Sauti yenyewe nayo isikilizwe. Inayokatika katikati, yenye mkwaruzo au mluzi, mara nyingi inasema kuna tatizo kooni au kifuani.

Upanga unaeleza mambo mawili kwa pamoja, damu na homoni. Mwaka 1849 Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, alitoa matokeo ya jaribio lake kwa vijogoo 6 aliowahasi. Waliobaki bila korodani upanga wao haukukua, wala hawakuwika wala kupigana kama majogoo; waliopandikiziwa korodani tumboni, mahali pasipo pake, walikua majogoo kamili. Jaribio hilo dogo huhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya elimu ya homoni. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1990, Marlene Zuk na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa kuku wekundu wa msituni, jamii ambayo ndiyo asili kuu ya kuku wetu. Majogoo walioambukizwa minyoo ya utumbo walikuwa na upanga mdogo na uliofifia kuliko wenzao, na mitetea walipendelea wale wasio na minyoo. Mtetea, kwa maneno mengine, husoma afya ya jogoo kwenye upanga. Na sisi tunaweza kuusoma tukijifunza.

Ila rangi zisichanganywe. Upanga uliopauka huonyesha upungufu wa damu: minyoo, papasi, utitiri, au wale viroboto wanaong'ang'ania usoni na kuzunguka macho mpaka ngozi ikaonekana kama imenyunyiziwa pilipili manga. Ncha zikiwa na rangi ya bluu au zambarau, damu haipati hewa ya kutosha, na hapo fikiria moyo, mapafu, au ugonjwa mkali wa kuambukiza. Upanga uliosinyaa huku ukibaki mwekundu unaweza kuwa wa homoni zilizoshuka, na hapa ndipo umri unapohusika kweli. Vigaga vyeusi vikavu ni ndui, au ni makovu ya kudonolewa. Kuchi ana upanga mdogo uliolala, kwa hiyo kwake tazama zaidi ngozi ya uso na ndevu.

Manyoya huficha mengi, kwa hiyo lazima jogoo ashikwe. Wakati mzuri ni saa mbili au saa tatu usiku, kwa tochi yenye mwanga hafifu. Kabla ya kumgusa, simama kimya mlangoni pa banda usikilize. Ndege mzima akilala hasikiki anapumua. Mkoromo na kohozi, ambavyo mchana humezwa na kelele za uani, usiku husikika wazi. Kisha mpakate, mabawa yakiwa yamekumbatiwa lakini kifua kikiwa huru. Kuku hana kiwambo kama chetu kati ya kifua na tumbo. Hupumua kwa kupanua kifua na vifuko vya hewa, na ukimbana kidari unaweza kumkosesha pumzi mikononi mwako. Kumning'iniza kichwa chini, kama wabebwavyo kwenda sokoni, ni hatari vivyo hivyo kwa mzee mwenye maji tumboni. Wala usimpime homa kwa kiganja. Joto la kawaida la mwili wa kuku ni karibu nyuzi 41, kwa hiyo kuku mzima atakuwa wa moto mkononi siku zote.

Pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari. Nyama ikijaa pande zote mbili, lishe iko sawa. Mfupa ukichomoza na pembeni pakawa na mabonde, kukonda huko ni kwa muda mrefu, hata kama manyoya yanamfanya aonekane mnene. Mizani ya kuning'iniza inatosha kwa kazi hii: mweke kwenye kikapu, mpime kila mwezi, andika. Jogoo wa kilo 2.5 akipungua robo kilo amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hilo pekee ni sababu ya kumtenga na kumchunguza.

Gole likaguliwe mara mbili. Jioni linapaswa kuwa limejaa. Alfajiri, kabla hajagusa chakula, liwe tupu. Gole tupu jioni maana yake hakula, hata kama ulimwona anadonoadonoa. Lililojaa alfajiri na kuwa gumu lina nyasi, kamba au manyoya yaliyokwama. Lililo laini, lenye maji na harufu ya uchachu, limeingiwa na fangasi. Fungua mdomo: utando wa manjano wenye kunuka ni dalili ya vijidudu vya trikomonasi au ya ndui ya ndani, na chunusi nyeupe kandokando ya koo huweza kuwa ukosefu wa vitamini A, jambo la kawaida kwa ndege aliyefungiwa bila majani mabichi. Geuza nyayo. Tazama manyoya ya kuzunguka njia ya haja, ambako chawa hutaga mayai yao katika vishada vyeupe kwenye mashina ya manyoya. Jogoo mzee mwenye viungo vizito hajigaragazi vumbini kama zamani wala shingo yake haifiki kila mahali, kwa hiyo chawa humpata kwa urahisi kuliko kijana.

Na usiondoke bila kutazama kinyesi cha usiku chini ya mahali anapolala. Kilicho kizuri ni cha kahawia au kijivu, kimeshikana, kina kofia nyeupe ambayo ndiyo mkojo. Kile cha kahawia nzito kinachonata na kunuka, kinachotoka mara mojamoja, nacho ni cha kawaida. Kijani kibichi chenye majimaji mara nyingi ni nyongo ya ndege asiyekula. Homa na kideri nazo hukifanya hivyo. Manjano ya kung'aa hunifanya nifikirie homa ya matumbo ya kuku. Weupe mtupu na maji mengi huelekeza kwenye figo.

Yapo mambo matatu yanayofanana na ugonjwa bila kuwa ugonjwa, na mfugaji asiyeyajua atatibu pasipo maradhi. La kwanza ni kunyonyoka manyoya. Mara moja kwa mwaka, kwa wiki kadhaa, jogoo hupukutisha manyoya na kuotesha mapya. Upanga hunywea, kuwika hupungua, kupanda mitetea hukoma. Ukiona vichipukizi vipya vya manyoya shingoni na mkiani, na uzito haujashuka sana, mpe protini ya kutosha na muda. La pili ni joto. Pwani, mwezi wa Februari, karibu kila jogoo mzito hutweta adhuhuri kwa sababu kuku hatoki jasho. Anayetweta saa kumi na mbili asubuhi hatweti kwa joto.

La tatu ndilo linalosahauliwa kuliko yote: kushindwa. Jogoo aliyepokonywa ufalme na kijana hujitenga, hula mwisho, hulala pembeni, hukonda, hunyamaza. Kwa macho ni mgonjwa kabisa. Namna ya kumjua ni rahisi. Mweke peke yake mahali tulivu, na chakula na maji yake, kwa siku mbili tatu. Akila kwa hamu na kuanza kuwika tena, tatizo lake lilikuwa ugomvi, na dawa yake ni kuishi mbali na yule kijana, pengine na mitetea wawili wa kumtuliza. Akiendelea kukataa chakula hata bila adui, sasa tafuta ugonjwa. Ila swali moja libaki akilini: kwa nini ameshindwa sasa? Mara nyingi kijana hushinda kwa sababu mzee alikwisha kuumwa.

Sasa maradhi yenyewe. Nianze na yale tunayoyatengeneza sisi. Jogoo anayechanganywa na mitetea wa mayai hula chakula chao, chenye kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 kwa ajili ya maganda ya mayai. Yeye hatagi. Mahitaji yake hayafiki asilimia 1, na ziada yote lazima ipite figoni, mwaka baada ya mwaka. Figo zikielemewa, chumvi za mkojo hujikusanya kwenye viungo na kuzunguka moyo na ini. Hiyo ndiyo jongo ya kuku. Dalili zake ni kunywa maji mengi, kinyesi cheupe cha maji, vifundo vya miguu vilivyovimba, na kukaa chini zaidi ya kusimama. Ikishafika huko haiponi. Kuizuia ni rahisi: wape wote chakula cha kawaida cha kukuzia, na magamba ya konokono au maganda ya mayai yaliyosagwa yawekwe chombo cha pembeni, mitetea wajichukulie. Kila nikiona banda lenye jogoo mmoja na mitetea kumi, hilo ndilo ninaloliuliza kwanza.

Miguu inafuata. Jogoo mzito anayeruka kila asubuhi kutoka kichanja kirefu hadi sakafu ngumu hupasua ngozi ya nyayo. Bakteria huingia, usaha hutunga, na kidonda cheusi kama kifungo hujitokeza katikati ya unyayo. Mwanzoni kulowesha kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, kusafisha, kufunga bendeji na kumlaza kwenye maranda makavu husaidia. Uvimbe ulioshika ndani ni wa kupasuliwa na daktari wa mifugo. Ukurutu wa miguu, unaoinua magamba yakawa kama ganda la mti, huletwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Watu hupaka mafuta ya taa, nayo huunguza ngozi. Mafuta mazito ya kujipaka, baada ya kuosha na kulainisha magamba, yakirudiwa kwa wiki kadhaa, huunyima utitiri hewa bila kumuumiza ndege. Vipi navyo hurefuka hadi kupinda na kumzuia kutembea, au kuchana migongo ya mitetea. Hupunguzwa ncha tu, kwa tupa, kwa sababu ndani kuna mfupa wenye damu. Na kichanja cha mzee kishushwe, nusu mita inamtosha. Kilema cha mguu mmoja kisicho na jeraha wala uvimbe wa unyayo ni habari nyingine: uvimbe ndani ya figo unaweza kubana mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni.

Tumbo lililojaa, laini, lenye kutikisika kama maji, pamoja na upanga wa zambarau, kwa kawaida ni moyo au ini lililoshindwa. Daktari anaweza kuyanyonya maji ili ndege apumue, lakini yatarudi.

Kuna jambo moja zito kuhusu jogoo mzee ambalo linamhusu kila kuku wa mtaa. Yeye ni manusura. Amepitia mafua, kipindupindu cha kuku, homa ya matumbo, akabaki hai. Kinga anayo, na pengine vimelea pia anavyo. Aliyepona mafua ya kuku au kipindupindu cha kuku anaweza kubaki mbebaji kwa muda mrefu, haonekani mgonjwa, huku akiwaambukiza vifaranga kwenye chombo cha maji. Kipindupindu hiki, ambacho Louis Pasteur alikifanyia kazi miaka ya 1879 na 1880 alipogundua njia ya kudhoofisha vimelea ili vitumike kama chanjo, hupenda zaidi kuku wakubwa kuliko vifaranga. Kwa jogoo hujificha kwa sura moja inayotambulika: ndevu zilizovimba, za moto, upande mmoja au zote. Ukiona ndevu hizo, na mwaka hadi mwaka unapoteza vifaranga bila maelezo, mshuku mzee kabla ya kumshuku mchawi au hali ya hewa.

Kinga ya kideri anayo? Mara nyingi hapana, au imekwisha. Huyu ndiye ndege anayekwepa chanjo, kwa sababu ni mkali, ana vipi virefu, hulala juu ya mti na watu humwona ameshakomaa. Lakini virusi vya kideri havitazami umri, na kundi lisilochanjwa linaweza kufa karibu lote. Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa kuzingatia vijiji visivyo na majokofu na inayozalishwa pia Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari, hudondoshwa tone moja jichoni, kiasi kilekile kwa kifaranga na kwa jogoo wa kilo nne, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Achanjwe alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, akiwa bado hajaona vizuri. Kideri kikishaingia hakina dawa. Mwarobaini, shubiri na pilipili havikizuii, na ndege aliyeacha kula akipewa maji machungu hupunguza hata kunywa.

Basi ukimgundua anaumwa, ufanye nini? Mtenge saa hiyo hiyo, mbali na wenzake, na umhudumie mwisho baada ya wazima, mikono ikioshwa kila mara. Mpe mahali pakavu pasipo upepo, penye joto la wastani usiku na kivuli mchana. Maji yawe karibu na mdomo wake. Kwa anayeharisha, changanya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Chakula kiwe laini: uji mzito wa chakula chake cha kawaida, yai lililochemshwa likapondwa. Usimmiminie kitu kooni. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi, na kijiko cha maji au mafuta kikimwagwa ovyo huishia mapafuni. Matone madogo pembeni mwa mdomo, ayalambe mwenyewe, yanatosha. Wala usimpindue kichwa chini ili atapike yaliyomo goleni.

Halafu jizuie na duka la dawa kwa muda. Nafahamu ugumu wake: antibiotiki ya unga inauzwa bei ndogo, na kutoa dawa hutuliza moyo wa anayetoa. Lakini dawa hiyo haigusi virusi, minyoo, chawa, jongo wala moyo uliochoka, na kwa jogoo mzee hayo ndiyo mengi. Inayotolewa kwa kubahatisha, nusu dozi, siku mbili, hulea bakteria sugu ambao wataingia kwenye nyumba yenu kwa njia ya nyama na kinyesi. Dawa ya minyoo ni jambo jingine: kwa kuku anayezurura ni halali kuitoa kila miezi mitatu bila kusubiri dalili. Dawa ya wadudu wa ngozi nayo, pamoja na kuziba nyufa za banda ambamo utitiri na papasi hushinda mchana. Zaidi ya hapo mwite bwana mifugo, umweleze uzito wa mwezi uliopita na wa leo, rangi ya kinyesi, gole la alfajiri, na tangu lini jogoo ameacha kuwika. Maelezo hayo yana thamani kuliko kumwambia "ameanza kuzubaa".

Jambo moja halisubiri siku ya pili. Jogoo akiugua na kuku wengine wakafa ghafla kwa pamoja, nyuso zikavimba, au ndege wa porini wakaonekana wamekufa karibu, toa taarifa kwa ofisi ya mifugo na usichinje hata mmoja. Huenda ni mafua makali ya ndege: mwaka 2017 aina yake ya H5N8 ilithibitishwa Uganda, kwa ndege wa porini na wa kufugwa kando ya Ziwa Victoria, na Kenya ikafunga mpaka wake kwa kuku wa kutoka huko.

Hapa tunafika kwenye kisu. Katika nyumba nyingi, hasa za Kiislamu, jogoo akionyesha udhaifu huchinjwa haraka asije akawa kibudu. Haraka hiyo naielewa, kwa kuwa nyama ni nyama na kuitupa ni uchungu. Lakini kuchinjwa kihalali hakuondoi ugonjwa uliomo. Jogoo aliyelemaa, kipofu, aliyevunjika, au aliyeshindwa tu na vijana, bila homa wala kuhara wala dawa mwilini, nyama yake haina neno. Aliyepewa dawa asubiriwe siku zilizoandikwa kwenye kibandiko. Mwenye homa, anayeharisha, mwenye usaha, mwenye maji tumboni au aliyekonda hadi mfupa asiliwe. Na ukishamchinja aliyeonekana mzima, fungua utazame ini: lililovimba na kuwa na rangi ya shaba, au lenye vidoadoa vyeupe, limebeba homa ya matumbo au kipindupindu, na mzoga huo hauingii jikoni.

Kuna wakati pia ambapo kumchinja au kumwomba daktari amlaze ndiyo huruma iliyobaki. Kwangu mipaka ni mitatu: hawezi kufika kwenye maji mwenyewe, anapumua kwa taabu hata akitulia, au amekataa kula kwa siku tatu licha ya matunzo. Kumwacha hapo kwa sababu tunampenda ni kumrefushia mateso.

Akifa kabla hujajua kwa nini, usiharakishe kumtupa. Mzoga uliowekwa kwenye mifuko miwili ya nailoni na kupozwa kwa barafu, bila kugandishwa, ukifikishwa ndani ya siku moja kwenye maabara ya veterinari ya Temeke au ya kanda, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au kwenye maabara ya Kabete kwa walioko karibu na Nairobi, unaweza kueleza yaliyobaki bandani. Usipoweza kuupeleka, uzike kina cha mita moja, mwaga chokaa au majivu, fukia vizuri ili mbwa wasifukue. Osha banda, liache likauke na jua. Jogoo mpya akinunuliwa akae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kukutana na mitetea, na katika wiki hizo apimwe, achunguzwe nyayo na ndevu, na apate tone lake la chanjo.